Vikombe Vinne vya Shaba

Tangawizi naikuna na maganda yake,
maana ukali wote umejibanza chini ya ngozi.
Sukari kikombe, hamira ncha ya kijiko,
maji vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto.
Nikajaza chupa sita, nikazilaza siku tatu
karibu na jiko la sauna.

Usiku wa pili moja ilipasuka.
Nilidhani ni bunduki. Nilidhani ni Sylvi,
dada yangu, kaja kudai haki yake.

Vikombe ni vinne. Baba alivifua
kwa vipande vya shaba alivyotoka navyo mgodini
ndani ya kopo la chakula, kidogo kidogo,
wizi wa miaka kumi na minne
ambao mama aliuita akiba.
Viwili vina mikono. Viwili, alichoka.
Mama alipokufa Sylvi alibeba vyenye mikono,
mimi nikabaki na vya kushika kwa kiganja,
na maneno tuliyoambiana siku ile,
kahawa ya msiba ikipoa mezani,
siyaandiki. Yalikuwa ya Kifini,
lugha ambayo mama alitukataza kuitukania.

Yeye Houghton, mimi Hancock:
kati yetu mfereji, na juu yake daraja
linaloinuka meli zipite.
Miaka mitatu tulilisingizia daraja.

Ndugu wakigombana, wahenga walisema,
shika jembe ukalime.
Januari hapa hulimi kitu. Nikashika koleo,
nikafukua theluji toka barabarani hadi mlangoni,
njia ya upana wa mtu mmoja
anayekuja kwa kusitasita.

Alikuja na mfuko wa karatasi. Koti hakuvua.
"Kinywaji cha nyumbu wa Moscow," akasema.
"Baba angetema mate. Vodka ya Warusi."
"Hii imetoka Indiana."
Akacheka kwa pua. Akavua glavu moja.

Barafu niliivunja kwenye paa,
mkuki mrefu uliokuwa ukining'inia juu ya dirisha,
nikaufunga kwa taulo, nikautwanga kwa mti wa chapati
nilioachiwa na mpangaji aliyehama.
Vodka, vidole viwili.
"Vya nani?" akauliza, maana vyake ni vinene,
miaka thelathini ya kukanda mikate.
Tukapima kwa vyake.

Ndimu ilikuwa moja. Lori la dukani lilikwama,
na hii niliikuta nyuma ya friji, ngumu kama goroli.
Niliibingirisha chini ya kiganja hadi ikalegea,
nikaikata, na sote wawili,
na miaka yetu sitini na kitu,
tukatazama nusu ipi ni kubwa.

Kisha tangawizi. Povu likapanda, likanguruma,
likamwagika kwenye kitambaa cha meza cha mama.
Hakuna aliyefuta.

Shaba haina siri: baridi iliyo ndani
huipitisha yote nje. Kikombe kiliota jasho,
kikaniuma kiganja, nikahamisha mkono,
nikahamisha tena.
Sylvi alikuwa ameshika mkono wa kikombe chake,
hana habari. Halafu akawa nayo.
Akatazama dirishani.
"Tangawizi umezidisha," akasema,
akanywa yote.

Cha pili tulikunywa kimyakimya.
Cha tatu akavua koti.
Akachukua maganda ya ndimu, akachovya kwenye chumvi,
akaanza kusugua kikombe changu cheusi
bila kuomba ruhusa, kama alivyokuwa akinisugua shingo
usiku wa Jumamosi ndani ya sauna.
Wekundu ukatoka. Zikatoka alama za nyundo,
na pale karibu na ukingo, kidole gumba cha baba
kilipokosea.

Aliondoka saa tatu, daraja likiwa limeshuka.
Nilipoosha vyombo nikahesabu:
kwenye kichanja, kimoja chenye mkono,
kimoja kisicho nao.

Labda alisahau. Kulikuwa na giza, na alikuwa amekunywa.
Simu iko ukutani.
Chupa zimebaki mbili, na ndimu
lori litaleta Alhamisi.